Opera ya China Haikuwekwa Kabatini

Ndugu mwenyekiti, walimu wenzangu, wanafunzi wa sanaa za maonyesho, na ninyi wageni mliosikia kuna video ya kutazama bure mkasema liwalo na liwe: karibuni nyote, na asanteni kwa kuja.

Nimeombwa nizungumze kuhusu opera ya jadi ya China kabla hatujazima taa. Walioniomba walitaka nieleze jinsi sanaa hii ya kale ilivyodumu karne nyingi bila kubadilika. Nawaomba radhi mapema, kwa sababu hilo siwezi kulieleza. Haikudumu bila kubadilika. Imekatwa, imeunganishwa, imechanganywa na muziki wa wageni, na karibu kila ilipofika ukingoni mwa kaburi, aliyeivuta nyuma alikuwa mtu mwenye ujuzi mkubwa aliyethubutu kuigusa. Nataka mniamini kwa ushahidi, kwa hiyo nitawapa watu na michezo yao.

Kwanza yale ya haraka. China haina opera moja. Wizara ya Utamaduni ya nchi hiyo iliendesha hesabu iliyokamilika 2017, ikapata aina 348, kila moja na lahaja yake, tuni zake na eneo lake. Sisi huku tukisema opera ya China huwa tunamaanisha ile ya Beijing, ambayo kiumri ni mdogo. Haijatimiza hata miaka 250. Kaka yake mkubwa ni Kunqu, iliyozaliwa Kunshan, karibu na mji wa Suzhou. Mwaka 2001, UNESCO ilipotangaza kwa mara ya kwanza kazi bora za urithi wa binadamu usioshikika, zilikuwa 19, na Kunqu ilikuwa mojawapo. Opera ya Kikantoni ikaingia kwenye orodha 2009, ile ya Beijing 2010. Hayo ni mambo ya vyeti, tuyaache hapo.

Jukwaani kuna nini? Katika mtindo wa jadi, meza moja na viti viwili. Basi. Meza ikipangwa hivi ni mahakama, ikipangwa vile ni kitanda, na mtu akisimama juu yake yuko mlimani au juu ya ukuta wa mji. Mwigizaji akiingia na mjeledi wenye vishada mkononi, huyo amepanda farasi. Akimkabidhi mtumishi mjeledi, farasi amepelekwa zizini. Askari wanne wakizunguka jukwaa mara moja ni jeshi zima lililosafiri mamia ya kilomita. Ninyi mnaolalamika kila muhula kwamba idara haina bajeti ya mandhari, hapa mna jambo la kufikiria.

Wahusika wamegawanywa katika makundi manne: sheng ni wanaume, dan ni wanawake, jing ni wale wenye sura zilizopakwa rangi uso mzima, na chou ni wachekeshaji, wenye doa jeupe kuzunguka pua. Uso mwekundu ni uaminifu, kama wa jemadari Guan Yu. Mweupe ni hila, na mwenye uso huo maarufu kuliko wote ni Cao Cao. Mweusi ni mtu mnyoofu asiyepinda, kama Jaji Bao. Mtalii akishajua rangi tatu hizo hudhani amemaliza somo. Ukweli ni kwamba rangi ndiyo sehemu rahisi. Kazi yenyewe imo katika mambo manne ambayo kila mwanagenzi hufundishwa tangu utotoni: kuimba, kusema kwa mahadhi, kuigiza kwa mwili, na kupigana. Na anayeongoza bendi si mtu mwenye kijiti aliyewapa watazamaji mgongo. Ni mpiga ngoma ndogo. Macho yake hayabanduki kwa mwigizaji. Nyayo zikitua, ngoma imelia. Mtazamaji anayejua, mstari ukiimbwa ukamkolea, hapigi makofi kistaarabu kusubiri mwisho. Anapaza sauti palepale: "Hao!", yaani safi! Ni kama kwenye taarabu, mtu anavyoinuka katikati ya ubeti kwenda kutunza, angoje mwisho wa nini?

Sasa turudi Kunshan, karne ya 16. Mwimbaji Wei Liangfu aliishi Taicang, jirani tu na hapo, akaona uimbaji wa kwao una utamu lakini umelala. Akaanza kuuchonga upya. Wachina walikuja kuuita mtindo wake tuni za kinu cha maji, kwa jinsi sauti ilivyosuguliwa hadi ikawa laini. Masimulizi yanasema alimpata msaidizi aitwaye Zhang Yetang, mtu wa kaskazini aliyehamishiwa huko kwa adhabu, fundi wa ala za nyuzi na wa nyimbo za kaskazini. Wei akampenda kwa ufundi wake hata akamwoza binti yake. Kwa hiyo hii Kunqu tunayoambiwa ni chemchemi safi kabisa ya sanaa ya Kichina, tangu mwanzo ina damu ya kusini na ya kaskazini, na mmoja wa mafundi wake alikuwa mfungwa.

Mtindo huo ukapata waandishi. Aliyewazidi wote ni Tang Xianzu, aliyekamilisha mchezo wa *Banda la Mipeoni* mwaka 1598. Una matukio 55. Binti wa ofisa, Du Liniang, anaingia bustanini, analala, anamwota kijana mwenye tawi la mti mkononi, anampenda ndotoni, na akiamka anakufa kwa kumkosa. Kijana yule yupo kweli. Anaipata picha ambayo binti alijichora mwenyewe kabla ya kufa, anatokewa na mzimu wake, anafukua kaburi, na binti anafufuka. Watu hupenda kumwita Tang Xianzu "Shakespeare wa China", hasa kwa vile wote wawili walifariki 1616. Mimi jina hilo silipendi. Tang hakuhitaji kuazimwa jina la mtu.

Kuonyesha mchezo huo mzima kulichukua siku kadhaa. Matajiri wa Suzhou na Nanjing walikuwa na muda na vikundi vyao nyumbani. Karne ya 19 ilipoleta vita, vikundi vikavunjika, na watu wa mijini wakageukia opera changamfu zaidi. Ikafika mahali waliobaki wanaoweza kuiimba Kunqu kitaalamu walikuwa wazee wachache. Mwaka 1921 wapenzi wa sanaa hiyo, baadaye wakipata fedha za Mu Ouchu, mwenye viwanda vya nguo wa Shanghai, walifungua chuo kidogo Suzhou na kuwakusanya wavulana, wengi wa familia maskini. Wote walipewa majina ya jukwaani yenye silabi moja ya pamoja, Chuan: Zhou Chuanying, Wang Chuansong, Zhu Chuanming na wenzao. Nawaomba myashike majina mawili ya kwanza.

Vijana hao walihitimu wakakuta hakuna soko. Waliigiza Shanghai kwa muda, kundi likasambaratika, kisha vita vya Japani vikaja. Zhou na Wang waliishia katika kikundi kidogo kilichozunguka miji midogo na vijiji vya Zhejiang. Huko ndiko Kunqu ilikokuwa ikiishi miaka ya 1940, katika miili ya watu wenye njaa.

Halafu likaja jambo la 1956, na hapa naomba nikae kidogo, kwa kuwa sijui mfano bora kuliko huu.

Kulikuwa na mchezo wa zamani wa Zhu Suchen, mwandishi wa karne ya 17, uitwao *Mafungu Kumi na Matano ya Sarafu*. Mchinjaji mmoja anauawa usiku na fedha zake, mafungu kumi na matano, zinaibwa. Binti yake wa kambo ametoroka nyumbani usiku uleule. Njiani anakutana na kijana aliyeajiriwa na mfanyabiashara, naye kwa bahati mbaya amebeba mafungu kumi na matano. Hakimu anawatazama, anaona msichana mzuri na kijana mzuri, anajiona ana akili sana, anawahukumu kifo. Mchezo wa asili ulikuwa mrefu na ulikuwa na kisa kingine sambamba, cha ndugu wa yule kijana aliyesingiziwa vilevile. Kikundi cha Zhejiang kikakifuta kisa cha ndugu chote. Kikabakiza kesi moja, hakimu mmoja mvivu wa kuchunguza, na ofisa mmoja, Kuang Zhong, anayekataa kuweka wino kwenye hati ya kifo kabla hajajiridhisha.

Tukio ambalo watu bado wanalizungumzia liko hekaluni. Kuang Zhong, aliyechezwa na Zhou Chuanying, amejigeuza mpiga ramli. Muuaji, jina lake la utani ni Panya, anakuja kutazamiwa bahati yake. Huyu ni Wang Chuansong, chou, mwenye doa jeupe puani. Wamekaa kwenye benchi. Mpiga ramli anauliza maswali ya kawaida kabisa, huku akimsogelea muuaji taratibu. Linapotoka swali lenyewe, kama aliyepoteza mali ni mtu wa jina la ukoo fulani, Panya anapinduka kinyumenyume na benchi lake, anatoweka, kisha kichwa chake kinachomoza kutoka chini ya benchi, macho yakizunguka. Hakuna neno lililosemwa. Hadhira imeshajua kila kitu, na Kuang Zhong pia amejua. Mbinu ile ya kuanguka ni ya kale, ya shule ya chou, inajifunzwa kwa miaka. Lakini imewekwa mahali ambapo inafanya kazi ya ushahidi mahakamani.

Walipoupeleka Beijing mwaka ule, ukumbi ulijaa siku baada ya siku. Mao aliutazama, waziri mkuu Zhou Enlai akausifia. Msijidanganye kwamba ilikuwa mapenzi ya sanaa peke yake. Serikali ilikuwa ikipiga vita urasimu na kesi za kubambikiza, na mchezo ulikuja kwa wakati wake. Tarehe 18 Mei 1956 gazeti la chama, *Renmin Ribao*, likaandika tahariri kwamba mchezo mmoja umeokoa aina nzima ya opera. Kwa mara hiyo moja maneno ya gazeti la chama yalikuwa sahihi kabisa. Mikoa ikaanzisha vikundi vya Kunqu, wazee wakaitwa kufundisha, vijana wakaandikishwa.

Upande wa Beijing hadithi ni hiyohiyo kwa sura nyingine. Mwaka 1790, Mfalme Qianlong akisherehekea miaka 80, vikundi kutoka Anhui vilikwenda mji mkuu kumwonyesha, vikabaki. Vikakutana na waimbaji wa Hubei, tuni za erhuang zikaungana na za xipi, zikapewa matamshi ya mji mkuu, na katika karne ya 19 ikapatikana kile tunachokiita leo opera ya Beijing. Mchanganyiko wa wahamiaji, yaani. Zeze lake la jinghu, la mwanzi na ngozi ya nyoka, lina sauti kali inayopenya. Usikimbie ukilisikia kwa mara ya kwanza, sikio hulizoea.

Mwanaume aliyeifikisha duniani ni Mei Lanfang, aliyezaliwa 1894 na kufariki 1961. Wakati wake wanawake walikuwa wamezuiwa kwa miaka mingi kupanda majukwaa ya Beijing, hivyo nafasi za dan zilichezwa na wanaume, naye akawa mkuu wao. Leo dan wengi ni wanawake, na kuna opera ya Shaoxing, karibu na Shanghai, ambako hata wanaume huchezwa na wanawake. Mei alikwenda Japani 1919, Marekani 1930, Urusi ya Kisovieti 1935. Huko Moscow Bertolt Brecht, mwandishi wa tamthilia wa Ujerumani, alimwona, akatoka na hoja yake maarufu juu ya mwigizaji anayejitenga na mhusika ili mtazamaji afikiri badala ya kuzama. Mnaisoma mwaka wa pili. Nionavyo mimi, Brecht aliona alichokuwa akikitafuta. Watazamaji wa Beijing walikuwa wakilia kwa Mei kama kawaida.

Lakini ninalotaka mlichukue kwa Mei ni dogo. Katika mchezo wa *Suria Mlevi*, suria Yang anamngoja mfalme aliyeahidi kuja bustanini. Mfalme hatokei, suria anakunywa. Kuna pozi moja gumu: mwigizaji anapishanisha miguu na kuzama polepole hadi anakaribia kulala sakafuni, kiwiliwili kimepinda. Vizazi vya waigizaji walilifanya kuonyesha wepesi wa viungo, watu wakashangilia. Mei alilifanya vivyo hivyo kwa miaka, bila kujua ni la nini. Ameeleza mwenyewe kwamba alipokuwa Hong Kong siku moja aliinama bustanini kunusa ua, na rafiki yake akamtania kwamba anafanya lile pozi. Tangu hapo suria wake akawa anazama ili kunusa ua. Hakuongeza hatua wala kupunguza. Alichokipa pozi ni sababu. Wanaomfuata leo wananusa ua, na wengi hawajui kwamba zamani ua halikuwepo.

Vita vilipomkuta chini ya Wajapani, alifuga masharubu. Dan mwenye masharubu hawezi kupanda jukwaani. Ulikuwa mgomo wa nywele, na aliushikilia hadi Japani iliposalimu amri.

Sasa mtu mwerevu kati yenu atauliza: kama kubadilisha ndiko kunakookoa, mbona Mapinduzi ya Utamaduni, kampeni ya Mao ya 1966 hadi 1976 iliyobadilisha kila kitu, ilikuwa msiba? Swali zuri. Kuanzia 1966 michezo ya jadi ilifungiwa. Zikabaki kazi chache za mfano, nane za kwanza, chini ya usimamizi wa Jiang Qing, mke wa Mao. Ma Lianliang, mmoja wa sheng wakubwa wa Beijing, aliyekuwa amemcheza ofisa Hai Rui katika mchezo ulioshambuliwa kisiasa, alifariki Desemba 1966 baada ya manyanyaso. Na hakuwa peke yake.

Jibu langu lina pande mbili. Kazi zile za mfano zenyewe hazikuwa mbovu. Zilitungwa na mafundi, okestra ya Kimagharibi ilichanganywa na jinghu kwa ustadi, na wazee wa China wa leo wanaziimba kwa moyo bustanini asubuhi. Mabadiliko hayakuwa dhambi. Dhambi ilikuwa kumfunga mdomo mwalimu. Sanaa hii haikuwahi kuandikwa yote. Maneno yapo kitabuni, tuni zipo kwenye nota zao, lakini namna ya kugeuza kiganja, mahali pa kuvuta pumzi, muda wa kukodoa macho kabla ngoma haijalia, hayo hukaa kwa mtu na hutoka kwake kwenda kwa mwanafunzi ana kwa ana. Ukikata miaka kumi, kuna watu wanaozeeka na kufa na vitu vyao.

Nisipake asali mafunzo ya zamani. Shule maarufu ya Fuliancheng, iliyofunguliwa Beijing 1904, ilichukua watoto kwa mkataba wa miaka saba, na fimbo ilikuwa sehemu ya somo. Mmoja akikosea, wote walichapwa. Ilitoa nyota kadhaa. Ninyi msije mkaniambia nyota zile ndizo hoja ya kurudisha fimbo.

Baada ya 1976 michezo ikarudi, lakini hadhira ilikuwa imezeeka na televisheni imeingia. Miaka ya 2000 mwandishi Pai Hsien-yung, aliyezaliwa Guilin 1937 na aliyeishi muda mrefu Marekani, akaamua kuurudisha *Banda la Mipeoni* kwa vijana. Alichukua matukio 55 akayafanya 27, yakachezwa kwa siku tatu, jumla ya saa tisa. Wahusika wakuu wakawa vijana kweli, maana ilikuwa imezoeleka binti wa miaka kumi na sita achezwe na mama wa hamsini. Ukafunguliwa Taipei mwaka 2004, kisha ukazungushwa kwenye vyuo vikuu vya China, na vijana wakajazana.

Angalieni alipopata ujuzi. Kijana aliyemcheza mpenzi, Yu Jiulin, alipelekwa kwa Wang Shiyu, akapiga goti na kusujudu kama wanagenzi wa zamani kabla ya kupokelewa. Wang Shiyu alifundishwa na nani? Na Zhou Chuanying, yule mpiga ramli wa hekaluni, mvulana wa chuo cha 1921. Mnyororo una pingili tatu tu. Pai alikata nusu ya mchezo bila woga kwa sababu alihakikisha kiganja kinageuzwa kama kilivyofundishwa. Mkasi alikuwa nao, na mwalimu alikuwa naye.

Muda wangu unakwisha na fundi wa mitambo ananitazama vibaya, kwa hiyo niwaambie mnachokwenda kuona. Ni kipande cha opera ya Beijing kiitwacho *Njia Panda*. Askari Ren Tanghui anamfuata kwa siri jemadari aliyehukumiwa uhamisho, ili amlinde. Analala katika nyumba ya wageni. Mwenye nyumba, Liu Lihua, anaingia chumbani kwake usiku wa manane. Ni giza totoro, na wanapigana kwa kupapasa. Taa za jukwaa zote zinawaka, mnaona kila kitu. Giza limo miilini mwao. Upanga utapita karibu sana na pua ya mtu ambaye hajui kama umepita. Watu wa sarakasi, mjue kwamba vijana wa Tanzania waliopelekwa China miaka ya 1960 kujifunza kazi yenu walikwenda kwenye nchi yenye nidhamu hii ya mwili. Tazameni miguu, msitazame panga.

Jambo moja kabla hamjaanza. Zamani Liu Lihua alikuwa mwovu, mwenye uso mbaya uliopakwa rangi zilizopinda, na mwishoni aliuawa. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 waigizaji wakambadilisha. Katika toleo mtakaloliona, Liu ni mtu mwema anayemtaka jemadari salama. Amemdhania Ren ni muuaji, naye Ren amemdhania vilevile. Kwa hiyo watakaopigana gizani ni watu wawili wa upande mmoja. Wapo Wachina wanaosema toleo la zamani lilikuwa kali zaidi kwa kuwa kifo kilikuwa cha kweli, na wapo wanaosema hili jipya ndilo lililoupa mchezo kiini. Mimi nina upande wangu, sitausema sasa. Taa zikiwashwa nitaanza na mstari wa nyuma, kila mtu anieleze yeye angemwacha Liu awe nani, na angelazimika kubadilisha pigo gani kati ya yale atakayokuwa ameyaona.

Fundi, tafadhali.